Video Niliyomtumia Mama

Leo asubuhi Mama amekataa kwenda kudungwa dawa ya kansa, na makosa ni yangu.

Nimemkuta nyumbani Roret akichemsha majani kwa sufuria ya chai.

"Mama, gari inangoja."

"Siendi. Daktari amesema hii majani inamaliza uvimbe, na dawa ya hospitali ndiyo inaua watu."

"Daktari gani?"

Akanipa simu. Video ya dakika moja, jamaa na koti nyeupe.

Aliyemtumia ni mimi! Mwezi jana. Hata sikuwa nimeiangalia hadi mwisho.

Nikapigia nesi wake, nikaweka spika. Nesi hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Mama, huyo daktari amewahi kukupima?"

Mama akaepua sufuria, akachukua leso yake.

"Twende. Lakini wewe usinitumie kitu tena."

Sasa ako ndani anadungwa, na mimi natembea tu hapa nje, siwezi kukaa.

Hiyo video niliwatumia watu wengi. Kama ulipata, tafadhali usiifuate, uliza daktari wako.

Anti yangu wa Fort Ternan pia anatibiwa kansa, na yeye nilimtumia. Nimempigia mara sita, hashiki.

Nani ako karibu na kwake aende amwone?