Alisema Alipona

Mimi njo ninayelaza watu kabla daktari hajawapasua, hapa Kalemie. Sokoni wananiita, "Papa wa sindano!" Nacheka nao, lakini ndani hakuna kitu.

Mama mmoja alitoka Kirungu na mimba iliyotimia, mtoto amekaa vibaya tumboni, lazima apasuliwe. Alikuwa akihema hata akiwa ameketi. Nikashika fishi yake, karatasi ya mgonjwa, nikamuuliza kama ninavyowauliza wote.

"Mama, una ugonjwa wa moyo?"

"Hapana, Papa. Mimi ni muzima."

"Na kuhema huku?"

"Njo mimba."

Kipimo cha kusikilizia moyo kilikuwa shingoni mwangu. Shingoni, jamani! Lakini wengine wawili walikuwa wanangoja, na daktari ameshanawa mikono. Nikaandika: hakuna. Nikamchoma sindano ya mgongo, ile ile tunayowapa wote.

Sindano ile hushusha presha. Mwenye moyo mzima huvumilia. Yeye mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa umebana tangu utotoni, damu inapenya kwa shida, na presha iliposhuka haikupanda tena. Nilimpa dawa, nikamkandamiza kifua mpaka mikono ikafa ganzi. Mtoto alitolewa akilia, mama ameshakwenda.

Nje nilimkuta mama mzazi wa marehemu. Akanieleza bila hasira. Kanisani kwao walimwombea moyo, akasimama mbele ya watu akatoa ushuhuda kwamba amepona. Kwao, ukishatoa ushuhuda, ugonjwa hautajwi tena. Kuutaja ni kuuita urudi. Vidonge vya moyo aliviacha siku hiyo.

"Hakukudanganya, Papa," akasema.

Sikulia, na mpaka leo sijalia. Hilo linanikera sana.

Majuto ni mjukuu. Siku hizi nauliza hivi: "Mama, Mungu alikuponyesha nini?" Hapo wanafunguka, wanasimulia kwa furaha. Halafu nasikiliza kifua, muntu atake asitake. Wiki iliyopita nilimpata mwingine, wa Kabimba, moyo unavuma vibaya. Tukamlaza pole pole, dawa kidogo kidogo, macho kwenye presha. Alirudi kwake na mtoto. Nilipaswa kufurahi. Nilinawa mikono, nikaenda kula bukari na ndagala.

Mke wangu huniuliza kama bado namfikiria yule wa Kirungu.

"Nilipona," namjibu, naye haulizi tena.