Kofia ya Hamisi

Waliokuwepo siku ile nawakumbuka wote, na naanza nao ili msije mkasema bibi kazeeka anasimulia ya kuotea. Nilikuwepo mimi, Veronika wa Mtendeni hapa Tabora, niliyeishia darasa la tatu. Alikuwepo mjukuu wangu Skolastika, tunamwita Skola, mtoto wa marehemu binti yangu Paulina, niliyemlea kwa mikono yangu hii. Alikuwepo jirani yangu Mwajuma, ambaye hakualikwa (Mwajuma hangoji kualikwa). Walikuwepo vijana wanaofundishwa na Skola, wamejaza viti vya ukumbi wa parokia. Na ukutani, kwenye shuka jeupe, walionekana watu wa mbali kila mmoja kwenye kisanduku chake: Luzia wa Brazili aliye mwenyekiti wao, mzee Piotr wa Polandi mwenye ndevu kama za hindi bichi, na wengine wengi. Kilikuwepo pia kisanduku kimoja cheusi kisicho na sura, ambacho sikukiulizia. Hamisi, aliyetukutanisha wote hao, hakuwepo, kwa sababu alikuwa amekufa.

Aibu niliyoipata hapo, jamani, mpaka leo nikikaribia ukumbi ule nazunguka nyuma kwenye matope, heri zichafuke kandambili.

Kwanza niwaeleze kazi yao, kama nilivyoelezwa mimi. Kompyuta nayo ina lugha za kuamrishwa (nilipoambiwa nilicheka, nikasema kumbe hata yenyewe ina kabila). Hiyo lugha ya kina Skola haina mwenyewe. Ukiona penye kasoro unapatengeneza, unawapelekea wenzako, wanakagua, wakiridhika wanaitia kazi yako ndani, wasiporidhika wanakwambia kwa nini, na hakuna anayelipwa. Nikamwambia Skola, hilo nalijua, huo ni msalagambo, kama kwetu Usinge zamani, pembe ikilia watu wanatoka na majembe kumlimia mmoja. Jina la lugha yenyewe nalijua vizuri, ila Skola kaniomba nisiliandike.

Hamisi alikuwa mtunzaji wa sehemu moja, ile inayomwambia mtu amekosea wapi. Zamani, anasema Skola, ukikosea ilikuwa inakufokea Kizungu mpaka unafunga mashine unakwenda kulala. Hamisi aliifanya iseme Kiswahili, tena kwa upole, umekosea hapa, jaribu hivi. Alikuja Tabora kumsaidia Skola kufundisha vijana, akafikia kwangu, na alipomaliza kunisalimia shikamoo nikamuuliza ametoka wapi.

"Kisarawe, bibi."

"Aaa! Mzaramo!" nikapiga makofi, maana kabila lao na letu ni watani tangu enzi za misafara. "Mtani wangu huyu! Mvivu wewe, babu zako walikaa kivulini pwani, babu zangu wakitembea na pembe za ndovu mabegani toka huku mpaka baharini!"

Hakusita hata kidogo. "Na walipofika baharini, bibi, si walipiga magoti wakilia kwamba mbingu imeanguka?"

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Kuanzia hapo ikawa hivyo asubuhi na jioni, mimi namwita gunia la usingizi, yeye ananiita mzigo uliosahauliwa na msafara. Alipoondoka alisahau kofia yake ya kufuma, ya kijani, nikampigia simu kwamba nimeiteka, akija kuikomboa aje na nazi. Hakuja. Figo zilimshika, na baadaye Skola akaniita jikoni akaniambia, "Bibi, Hamisi hatunaye," akakaa chini sakafuni.

Sasa, kila wakitoa toleo jipya la lugha yao hukutana hivyo kwa picha, kupeana habari, nini kimeongezwa, nani kaingia, nani katoka. Toleo lile walilipa jina la Hamisi. Na siku hiyo hiyo walikuwa wamthibitishe Skola kushika nafasi yake, aitunze ile sehemu ya makosa. Mjukuu wangu alikuwa anaitaka nafasi ile, si kwa cheo. Alisema wakipewa wengine wataifanya ifoke tena. Tangu mama yake afe sikuwahi kumwona akitaka kitu namna ile.

Kwa kuwa Hamisi alilala kwangu, Luzia aliomba niseme maneno machache. Skola akanifundisha nyumbani nikayashika: mimi ni bibi yake Skola, Hamisi alikuwa mgeni wangu, tunamshukuru, poleni. Basi. "Hayo tu, bibi," akasema. "Nimekuelewa, mwanangu," nikasema, na kofia nilikuwa nimeshaitia kwenye mkoba. Niliichukua kwa ukumbusho tu, naapa.

Tukaanza. Luzia akasoma habari, Piotr akasoma habari, kisha wakakaa kimya kwa ajili ya marehemu. Kimya kile! Hakuna aliyelia, hakuna aliyeimba. Mwajuma akaniinamia sikioni, "Veronika, hawa wamefiwa au wanasubiri treni?"

"Nyamaza wewe."

"Msiba gani hauna hata uji? Na wewe mtani wa marehemu umekaa hapo kama mgeni."

Neno hilo likanichoma. Kwetu wafiwa wakizidiwa, mtani ndiye anayeinuka. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anamtukana, mpaka mama aliyekataa kula anacheka na kushika kijiko. Ni kazi, na asiyeifanya analaumiwa. Nikasema moyoni, Hamisi kalala bila mtani hata mmoja na mimi nipo hapa? Nilipoitwa mbele, yale maneno ya Skola nikayaacha kwenye kiti pamoja na mkoba. Kofia nikaivaa.

Vijana wa ukumbini wakaanza kucheka, maana wanajua. Nikanyata kama alivyokuwa akitembea, nikagonga meza kama anaandika kwenye mashine, kisha nikakilaza kichwa nikakoroma. Wakapiga vigelegele. (Hapo ndipo ningekaa. Mtu mwenye akili angekaa.)

"Mnamlilia huyu?" nikasema. "Gunia la usingizi! Kaona kazi zimekuwa nyingi, kaamua kulala moja kwa moja! Na mama yake ndiye wa kulaumiwa, kazaa mzigo, kaudekeza, hakuufundisha kuamka!"

Upande wa chini wa shuka maneno yangu yalikuwa yakitokea kwa Kizungu, mashine inatafsiri yenyewe, na Skola aliniambia baadaye kwamba ilitafsiri sawasawa, haikukosea hata neno. Nikamwona Luzia anaziba mdomo. Nikadhani anacheka.

Ndipo kile kisanduku cheusi kikasema.

"Nani huyo? Nani kavaa kofia ya mwanangu?"

Na mimi (Mungu anisamehe) nikafurahi, nikaona mama mfiwa kaitika, utani umekolea. Nikaivuta kofia mpaka kwenye nyusi. "Ni mimi mtani wako, Mzaramo wee! Kama unaitaka njoo uilipie, na umbebe mvivu wako mgongoni!"

"Sisi si Wazaramo." Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyelia akamaliza. "Sisi Wapare wa Ugweno. Kisarawe baba yake alihamishiwa kazi. Wewe mama sikujui, wala si mtani wangu. Kofia hiyo niliifuma mimi."

Niliivua. Ikanidondoka, nikainama kuiokota na kiuno kikakataa, nikabaki nimeinama hivyo mbele ya watu wa dunia nzima mpaka Mwajuma akaja kuninyanyua.

Skola akasimama kueleza utani ni nini. Alieleza Kizungu, kisha Kiswahili kwa yule mama, sauti inakatika. Mzee Piotr akajibu kwamba kwao wafu hawachekwi. Luzia akasema wana kanuni zao za heshima, na kwamba suala la nafasi lingesubiri. Kile kisanduku cheusi kilikuwa kimeshatoweka.

Nyumbani nikamwambia, "Skola, kwa nini hukunieleza kwamba hakuwa Mzaramo?"

Alikuwa anafua, hakugeuka. "Nilimwambia akusahihishe, bibi. Akasema, mwache, mimi sina bibi mwingine wa kunitukana."

Hawakumkataa Skola, wajue wanaomsema vibaya. Aliondoa jina lake mwenyewe, akasema hawezi kukaa kwenye kiti cha Hamisi huku mama yake Hamisi anakumbuka mwanawe alivyochekwa. Sehemu ile sasa anaitunza kijana wa Nairobi, Otieno, na Skola anasema ni mwema, ila siku hizi jioni Skola hafungui tena mashine. Anakaa na mimi tunachambua karanga, na hilo ndilo linaloniuma kuliko shuka lote la ukutani.

Kofia niliifua, nikaipiga pasi, nikaipeleka kwa basi na maneno ya pole aliyoniandikia Skola. Yule mama akajibu kwa neno moja. "Imefika."

Nimeapa sitainuka tena kumtania marehemu kabla sijauliza baba yake nani na katoka wapi, na nikiwa na shaka nitakaa na wenye kimya, nisubiri treni pamoja nao. Na ninyi mliokuwepo, kama hapa nimekosea jina la mtu au asili ya mtu, niambieni. Niambieni hata kama mnaona nacheka, hata kama mnanionea huruma. Msiniache niendelee.