Duara la Chewa kwenye Kalenda ya Mama

Mama yangu hajawahi kuiona bahari, wala hana hamu nayo. Anaiita "hiyo maji yenu," kana kwamba mimi ndiye niliyeimwaga. Alipoteleza kwenye majani chai na kuvunjika mguu, nilirudi nyumbani bara, karibu na Sosiot, kumuuguza. Kazi yangu ya serikali nilikuja nayo ndani ya kompyuta: ramani ya bahari ya pwani ya kusini, na orodha ya sehemu ambazo viumbe wa baharini huzitegemea kwa kuzaa na kukulia. Sehemu ikiingia kwenye orodha, inalindwa. Isipoingia, iko wazi kwa kila mwenye boti na nyavu. Zilikuwa zimebaki wiki mbili orodha ipitishwe.

Nilifanyia kazi jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na moto. Asubuhi moja mama, mguu wenye plasta umenyooshwa juu ya kigoda, aliielekezea skrini mwiko wa ugali.

"Hapa mbona hamjapaka rangi?"

Ulikuwa mwamba mmoja mdogo, mbali kidogo na ufuko. Nikamwambia hakuna kitu pale. Tulipeleka wapiga mbizi mara sita, wakarudi mara sita na karatasi tupu.

"Ara, kwani mlienda siku gani?"

"Jumanne, kila baada ya wiki mbili, mama. Bila kukosa." Nilisema kwa kujivunia, maana ratiba ile niliipanga mwenyewe. Mimi nimelelewa na majani chai. Kwetu unachuma shamba, unaliacha wiki mbili, unarudi, na majani yako pale yanakungoja. Ukienda raundi zako sawasawa, shamba halikufichi kitu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali duniani hapaendi hivyo.

Mama akatikisa kichwa. "Kama yule daktari wa Alhamisi."

Nilimkumbuka vizuri. Alikuwa daktari wa kupandisha ng'ombe, aliyepita kijijini kwetu kila Alhamisi na pikipiki yake. Ng'ombe wetu wa madoa alikuwa akiingia joto, yaani kutaka dume, Jumapili, siku nyingine Jumatatu, na joto lenyewe ni la saa chache tu. Alhamisi daktari anafika, anaangalia, anaandika kwamba ng'ombe ni tasa. Mama aligombana naye mpaka majirani wakatoka nje. Tangu hapo kalenda ya kanisa iliyo ukutani ina maduara ya kalamu ya bluu, kila baada ya siku ishirini na moja, na daktari anaitwa kwa duara.

"Na hiyo samaki," mama akauliza, bila mzaha hata kidogo, "inakuwanga na joto siku gani?"

Nilitaka kucheka. Lakini jibu nilikuwa nalo. Mzee aliyetupeleka na boti yake alinipa siku ile ya kwanza kabisa. Alisema chewa wanatoka kila upande, wanakutana kwenye mwamba ule kutaga mayai, siku tatu au nne tu, mwezi ukijaa katika miezi ya joto. "Njoo mwezi mpevu, mwalimu," alisema, "utawaona hadi uchoke." Nami niliandika kwenye daftari: maelezo ya wenyeji, hayajathibitishwa. Halafu nikafuata Jumanne zangu.

Nilifungua tarehe za safari nikazilinganisha na mwezi. Mwezi nusu. Mwezi nusu tena. Siku kumi baada ya mpevu. Mara zote sita tulifika wakati chewa hawajaja au wameshaondoka. Wiki mbili zangu na mwezi vilikuwa vinapishana mlangoni, na mimi nikaandika hakuna mtu nyumbani.

Nikampigia mzee simu. Nilianza kueleza, akanikatiza kwa upole, na upole ule ndio uliniumiza.

"Mwalimu, si wewe uliyesoma barazani kwamba pale pako wazi?"

Ni mimi. Nilisimama mbele ya watu na kipaza sauti nikasoma sehemu moja baada ya nyingine, na nilipofika kwenye mwamba ule nikasema hapa hatukuona kitu. Miaka yote wavuvi wa kijiji chake walikuwa wakiwazuia wenye boti kubwa kwa maneno tu, kwa kukubaliana. Baada ya baraza, mzee akanieleza, maneno yao hayakuwa na nguvu tena. Mwezi ulipojaa boti zilikuja, watu wake wakaenda kuzizuia, wakajibiwa kwamba serikali yenyewe imesema hakuna kitu. Zilivua siku tatu. Chewa wote walikuwa na mayai.

Niliweka simu chini nikalia pale mezani, mtu mzima. Mama hakunibembeleza. Alisogeza kikombe cha chai karibu na mkono wangu, akasema, "Andika."

Niliandika. Niliwaambia wakubwa wangu kwamba kosa ni langu, si la wapiga mbizi, na nikaeleza kila Jumanne, na yote aliyoyaona mzee. Mmoja akashauri tungoje orodha ipitiwe upya miaka ijayo. Nilimjibu kwa ukali ambao bado unanitia aibu kidogo, lakini siujutii. Mwamba uliingia kwenye orodha. Sasa umefungwa miezi yote ya joto, na mzee na watu wake ndio walinzi.

Mama anatembea siku hizi, kwa fimbo, nami nimerudi pwani. Nilipomtembelea, kwenye kalenda mpya nilikuta amechora maduara mekundu, siku za mwezi mpevu, karibu na yale ya bluu. Hakuniomba ruhusa. Duara jekundu likifika, mzee anaenda mwambani na boti yake kuangalia chewa, halafu ananipigia simu. Baadaye mama ananipigia mimi.

"Hiyo samaki imekuja?"

"Bado, mama."

Nasikia anatafuta kalamu. Anahesabu siku kwa sauti ya chini, kisha ananitajia tarehe inayofuata.