Mtu Niliyemwona Tangu Tunduma

Nilipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi upande wa Itaka, niliamini kwamba dunia yote ni bapa na iko juu. Uwanda wetu wa Mbozi ndivyo unavyomdanganya mtu. Unatembea kutwa kati ya majani na miti ya miombo bila kupanda wala kushuka, kisha ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa unaliona bonde la Rukwa limelala katika ukungu wa joto, kama nchi ya watu wengine. Upande wa pili, kando ya njia itokayo Vwawa, palikuwa na mwamba mkubwa ulioinama mbele, na chini yake nafasi isiyopata mvua. Mbuzi walipapenda mahali pale. Mimi nilipaogopa.

Aliyenilea ni bibi, mama yake baba. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, na baba alivuka mpaka pale Tunduma kwenda kwenye migodi ya shaba kabla sijajua kusimama. Nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili, na jioni maneno yalituishia mapema.

Bibi alisema kwamba kabla yetu, na hata kabla ya wahunzi walioacha tanuri zao za udongo porini, uwanda ule ulikuwa na wenyewe: watu wafupi wenye pinde, wasiolima wala kufuga, waliolala chini ya miamba. Walikwisha, lakini hawakuondoka. Ukikutana na mmoja wao atakuuliza, "Uliniona toka wapi?" Ole wako ukisema umemwona sasa hivi tu, atajua umemdharau kwa ufupi wake, na mshale wake haukosi.

"Nijibuje, bibi?"

"Mwambie, 'Nimekuona tangu mbali, mkubwa.' Na utaje mahali pa mbali kweli, mume wangu. Usifanye uchoyo."

"Halafu?"

"Halafu inamisha macho, uondoke. Usimwambie mtu yeyote mpaka jua lichomoze tena. Ukisema siku ileile, atayafuata maneno yako hadi mlangoni."

Wanaume wa kwetu walikuwa wameligeuza swali hilo kuwa mzaha. Walirushiana wakikutana njiani, wakamtania nalo kila mtoto waliyempita. Watoto hatukucheka.

Siku moja ya mwezi wa sita, wakati wa baridi, jua likiwa limeinama, niliwafuata mbuzi hadi pale mwambani. Chini yake alikuwa ameketi mtu. Alikuwa amekumbatia magoti, amejifunika blanketi la kijivu, na kwa jinsi alivyojikunja hakunizidi kimo. Uso wake ulikuwa mifupa na macho. Alinitazama kitambo, kisha akatabasamu.

"Wewe mtoto! Uliniona toka wapi?"

Nilitafuta jina la mbali kuliko yote niliyoyajua. "Tangu mbali, mkubwa. Tangu Tunduma."

Alicheka hadi kikohozi kikamkamata. "Tunduma! Basi umenisindikiza kwa macho njia nzima. Ngoja kwanza, mtoto, njoo..."

Nilikwisha kuinamisha macho. Niliwaswaga mbuzi mbio, naye akaita mara ya pili, kwa sauti ndogo zaidi. Sikugeuka.

"Mbona huli, mume wangu?" bibi aliniuliza jioni. "Mbuzi wametimia?"

"Wametimia."

Upepo ulivuma usiku kucha. Nililala nikijiona mlinzi wa nyumba, kwa kuwa nilikuwa nimeuzuia mdomo wangu.

Asubuhi umande ulikuwa umeganda juu ya majani. Jua lilipochomoza nilimweleza bibi yote, kwa majivuno. Alisikiliza akipuliza moto, kisha akauliza kama yule mtu alikuwa na kitu chochote.

"Blanketi. Na sanduku la bati."

Bibi aliacha kupuliza. "Wale wafupi hawakuwa na masanduku," alisema, akatoka mbio bila hata kujitanda nguo, akiwaita majirani.

Walimleta kwa machela. Alikuwa baba. Mgodi ulikuwa umemla kifua, naye alitembea kutoka Tunduma mpaka nguvu zikamwishia pale, karibu kabisa na nyumbani. Hakunijua, wala mimi sikumjua. Alimwona mtoto wa kumtuma akaite watu, akaanza kwa utani kama walivyoanza wanaume wote wa kwetu.

Aliishi siku nne. Kila aliyekuja kumjulia hali alimwonyesha kwa kidole nilipokaa. "Mwaona huyu? Ameniona tangu Tunduma!" Watu walicheka, naye alinishika kichwa kwa mkono uliokuwa ukichoma kama jiwe la jikoni. Siku ya tano tulimzika. Hakuna aliyeniambia kwamba ule usiku mmoja wa baridi ndio uliomwua. Hakuna pia aliyeniambia kwamba sio. Bibi hakuwataja tena wale wafupi hadi alipokufa.

Nimejifunza kusoma nikiwa na mvi, kwa vitabu vya shule vya wajukuu. Kimoja kilieleza kwamba katika nyanda kama zetu waliishi watu kabla ya jembe, wakichonga mawe kuwa visu na kulala chini ya miamba. Niliukunja ule ukurasa, nikaenda mwambani nikachokoa udongo kwa fimbo. Vipande vya mawe makali vilikuwamo. Bibi hakunidanganya. Walikuwapo, na waliokuja baada yao walichukua nchi. Nadhani hofu ile ilitungwa na hao waliochukua. Sikuweza kumkasirikia bibi kwa hilo, wala wale wafupi, ambao hawakunidai kitu. Nilijaribu kumkasirikia baba kwa utani wake, nikashindwa, kwa kuwa kicheko chake ndicho kitu pekee nilichopata kukisikia kwake kikiwa kizima.

Tangu hapo simpiti mtu aliyeketi peke yake kando ya njia bila kumuuliza jina lake na kwao ni wapi. Wengine huchukia, huniambia, "Mzee, yakuhusu nini?" Nami huwaacha wachukie, nikasimama hapo mpaka wanijibu.