Kocha Amesema Yuko Tayari, Daktari Amesema Asikimbie Tena

Naomba mnifichie jina langu na la mwanangu, maana Bagamoyo ni mji mdogo, tunajuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mjane wa miaka arobaini na mmoja. Mume wangu alifariki mtoto wetu akiwa bado ananyonya kidole. Alikuwa mtu mrefu sana, kila mlango anaingia kwa kuinama. Siku hiyo aliinua gunia la mbata ghalani, akasema, "Kifua," akaanguka. Basi, ikawa ndiyo safari. Watu walisema ni jicho, kwa ule urefu wake, nami nikaamini hivyo.

Mwanangu, nimwite Idrisa, sasa ana miaka kumi na saba na ameshampita baba yake. Suruali za shule zinamwishia kwenye muundi. Utotoni alitembea amejikunja kwa haya, wenzake wakimwita mnazi. Alipoingia sekondari, mwalimu mmoja akampa mpira wa kikapu, na mgongo wa mwanangu ukanyooka. Hata mimi nilikwenda kumtazama, nikasimama ukutani na buibui langu. Anarukia goli, watu wanapiga kelele jina lake. Siku hiyo nililia kwa furaha.

Mwaka huu akaja kocha mmoja Mzungu anayefundisha Dar es Salaam. Anatafuta vijana warefu awapeleke kwao Ulaya wakacheze kwa mshahara, maana huku kwetu mchezo ni wa ridhaa tu. Asubuhi nzima alimpima Idrisa pale shuleni, sisi jamaa zake tukitazama. Alimkimbiza, akamtaka aruke, akamsukuma kwa bega aone kama atasimama. Alikuwa na msaidizi, mtu mzima wa Dar es Salaam, na huyo hakuridhika. Alisema, "Mikono anayo, lakini mwili bado. Wanaume wa huko watamvunja. Aachwe amalize shule, apate nyama kidogo."

Kocha alicheka, mwalimu akatufasiria: "Anasema urefu haufundishwi. Mengine yote atayapata huko huko. Kijana yuko tayari."

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye msimamizi wetu, analima Makurunge. Alipiga takbiri pale pale uwanjani.

Lakini mimi nilikuwa nimemwona mwanangu alipomaliza kukimbia. Alikwenda kukaa nyuma ya darasa peke yake, mkono kifuani, midomo imempauka. Nikamuuliza, "Una nini, mwanangu?" Akasema, "Njaa tu, mama." Chai kwa mihogo alikunywa mbele yangu alfajiri. Nikamkumbuka baba yake.

Nilimdanganya shemeji kwamba tunakwenda kumjulia hali dada yangu, nikampeleka hospitali Dar es Salaam. Daktari alimsikiliza kifua mpaka nikaogopa. Akamshika vidole, vile vidole vyake virefu, akavikunja na kuvikunjua. Akamuuliza kama anaona vizuri mbali. Akampeleka kupigwa picha ya moyo, na alipoitazama akanigeukia mimi.

"Baba yake alikuwa na umbo hili?"

"Ndiyo, daktari."

"Alifariki kwa nini?"

Nilipomweleza, alivua miwani. "Mama, urefu huu na moyo huu ni maradhi mamoja. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni umelegea. Anaweza kuishi, lakini asikimbie tena wala asiruke. Ukipasuka, hatuna la kufanya."

Idrisa alikuwepo, anatazama miguu yake. Kwenye basi la kurudi alitazama dirishani mpaka tulipokaribia mji. Ndipo akasema, "Mama, ukiwaambia, umenizika mwenyewe."

"Nikuzike vipi, nami nataka uishi?"

"Niishi nikifanya nini? Nikae kwenye kiti dukani kwa watu? Kabla ya mpira nilikuwa mnazi. Uwanjani ndiko nilikoonekana mtu. Ukisema, mimi sina mama."

Huyu ndiye mtoto ambaye mpaka leo akitoka chuo cha Kurani hunibusu mkono.

Hata hivyo nilimweleza shemeji. Akanikatiza. "Shemeji, daktari naye binadamu. Mgonjwa wa moyo anaruka kama swala? Huo ni woga wa ujane. Mtoto wa kiume hafungwi kwenye pindo la kanga." Akasema nikiharibu jambo hili atamchukua kijana akae kwake Makurunge, na kijana hatakanyaga tena kwangu.

Wiki iliyopita kocha alikuja nyumbani. Nilimtilia kahawa. Mwalimu akafasiri, "Mama, anauliza, kijana ana maradhi yoyote?" Nikafumbua mdomo. Idrisa akanitazama kama alivyokuwa akinitazama akiwa na homa, anaomba maji. Shemeji akadakia, "Mzima kama chuma!" Nami nikainamisha macho kwenye mkeka. Kocha akanishukuru kwa kahawa.

Wanamchukua baada ya Idi. Kila asubuhi anakimbia mpaka Kaole na kurudi, ajiweke sawa. Mimi hukaa barazani sipiki wala sifagii, mpaka nione kichwa chake juu ya vichwa vya watu. Hapo ndipo navuta pumzi. Majirani wananipa hongera, nami naitikia.

Jana alinijia jikoni akachuchumaa, maana akisimama kichwa kinagonga boriti. Akasema, "Mama, uko radhi nami? Siondoki bila radhi yako." Nilijifanya moshi umeniingia machoni, nikatoka nje.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, wengine mna watoto na wengine mmekwisha kuzika. Nikimnyima radhi, najua hatakwenda, lakini hatanisamehe, na sijui atakuwa mtu gani. Nikimpa, ni mimi niliyemfungulia mlango. Na kocha bado yuko Dar es Salaam, ningeweza kumwendea hata kesho. Mwanangu anasubiri jibu, kila nikimwekea chakula ananitazama usoni. Nimwambie nini?