Jumamosi, Saa Nane Mchana

Hapana, mimi sikumfukuza mkwe wangu. Walivyohamia mjini na mwanangu, kwenye nyumba ya geti, hata kulia nililia.

Mkwe yule, mwanangu alimtoa Ulaya, akamleta hapa Kinole na mabegi yake na dawa zake za mbu, eti wamehamia moja kwa moja, watalima mdalasini. Shamba la ukoo anagawa kaka yangu. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. Kwa hiyo walikuwa wanamngoja yeye tu.

Sasa kilichomshinda mkwe wangu ni hodi. Asubuhi hodi, mchana hodi. Jirani anaingia, anakaa, anasalimia mpaka kuku, shida hana. Mkwe ananijia, shingo kaivuta: "Mama, yule mama a-na-taka nini?" Namwambia, hataki kitu, mwanangu, kaja kukuona. "Lakini ja-na aliniona!"

Akatafuta dawa. Akapita nyumba kwa nyumba, meno yote nje: "Shikamoo. Mimi napokea wageni Jumamosi, saa nane mchana. Ka-ri-bu." Na mwanangu anamsifu, "Mke wangu ana mpango." Mpango! Kakulia hapa, hajui mtu wa huku ukishamtajia siku na saa umemwita kwenye shughuli? Mimi nikajua mbuzi kanunuliwa.

Jumamosi wakaja. Wamama wamepiga vitenge sare, ndizi mikungu mizima kichwani, wengine wamewaita ndugu zao mpaka Ngerengere. Kaka yangu mbele, na koti lake la harusi, tangu asubuhi hajala, anatunza nafasi tumboni. Mkwe akatoka ndani na chupa moja ya chai na sahani ya biskuti.

Watu wakatazamana. Jirani yangu akanong'ona kwa pua: "Hizi za kufungulia kinywa." Haya, tukangoja. Tunatazama jikoni, moshi hakuna.

Kaka akakohoa, akatoa ile sauti yake ya kuamulia kesi: "Mkwe wetu, tumefurahi. Shamba nimeshawachagulia, lile la juu, karibu na maji. Sasa tule, tukimaliza twende nikawaonyeshe mpaka."

Mkwe akamtazama usoni. Na siku hiyo Kiswahili kimemnyooka, hakukosea hata neno:

"Mjomba, niliwaita mje tuzungumze. Sikuwaita mje mle."