Rekodi Saba za Wimbo wa Bibi Arusi

Mwaka 2017 nilikuwa mtaalamu wa falsafa ya Kijapani. Shahada niliipatia kitandani, kwenye simu, katika chumba cha kupanga Berea, jioni baada ya kutwa nzima ya kutoa fotokopi dukani Joubert Park. Nilisoma makala tatu, ya nne nikaishia nusu. Zilitosha. Nilijua kwamba Wajapani wana neno, mono no aware, ile huzuni tamu ya kupenda kitu huku unajua kinapita. Na lingine, wabi-sabi, uzuri wa kitu chenye ufa.

Basi nami, kama yeyote aliyesoma makala tatu, nikaanza kuandika hadithi fupi. Ilimhusu mwanamuziki. Hadithi za siku hizi zenye Ujapani ndani yake, nilizokuwa nikizisoma bure mtandaoni, hazikosi mwanamuziki: mpiga piano anayepoteza usikivu, mpiga filimbi aliyefiwa na mke, na ua la mcheri lazima lidondoke kabla ya nukta ya mwisho. Micheri sisi hatuna, nikaweka jakaranda. Aya ya kwanza niliiandika upya mara arobaini. Ilihusu kukubali kasoro.

Mwanamuziki wa kweli alilala upande wa pili wa pazia lililogawa chumba chetu. Alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mlinzi wa ghala huko Midrand, na Jumapili mpiga gitaa kanisani. Uzi mmoja wa gitaa lake ulikuwa waya wa breki ya baiskeli; ulivuma kama nzi ndani ya chupa. Nilimshauri aweke uzi wa kweli.

"Halafu dada yangu atajua je kama ni mimi?" aliniuliza.

Dada huyo alikuwa anaolewa Bukavu Jumamosi. Karatasi za ukimbizi hazikumruhusu kaka kwenda, kwa hiyo alimtungia wimbo wa kuingilia kanisani. Simu nzuri ilikuwa yangu. Nikateuliwa mrekodi, na Mungu awasamehe walioniteua.

Ijumaa mchana tukakaa. Mara ya kwanza teksi ilipiga honi kwenye robot, taa za barabarani. "Tena, kaka," nikasema, nikafuta. Mara ya pili mtoto wa jirani alimfokea mwenzake kwa Kizulu koridoni. Nikafuta. Kisha mlango, kikohozi, ndoo. Mara ya sita hapakuwa na kelele yoyote, ila nilihisi mwisho umekuja ghafla. Ya saba ilikuwa safi mpaka birika lilipoanza kuchemka. Birika nililiwasha mwenyewe.

"Eh, mwandishi," alisema akivaa viatu vya lindo, "bibi arusi eko anangoja, weye uko unatafuta kimya? Chagua moja kati ya zile, umtumie mjomba."

"Sawa, kaka."

Kati ya zipi? Kila nisiyoipenda nilikuwa nimeifuta papo hapo, maana siwezi kulala chumba kimoja na kitu kibovu. Usiku ule sikulala hata hivyo. Wala sikumpigia kumwambia. Nilirekebisha aya yangu ya jakaranda.

Alirudi asubuhi, macho mekundu, akauliza kama wamefurahi. Kabla sijajibu, simu yangu ikaita. Ni mjomba wake, yuko mlangoni mwa kanisa.

"Wimbo uko wapi? Bibi arusi ameshashuka kwenye gari!"

Nikamweleza kaka ukweli, haraka, nikiangalia sakafu.

"Zote saba?"

"Zote."

"Ulisoma sana, mdogo wangu." Akachukua gitaa. "Shika simu hapa. Na usiseme tena."

Mjomba aliweka simu yake kwenye maikrofoni ya kanisa. Nami nikashika yangu karibu na zile nyuzi. Honi ilipigwa. Mtoto wa jirani alipiga kelele. Katikati kaka alikosea noti, kidole kikateleza, nami nikafungua mdomo. Aliinua unyusi mmoja. Nikaufunga. Kule Bukavu wanawake walipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza, na kabla ya noti ya mwisho laini ikakatika.

Sasa ndipo kimya kilipatikana.

Ujumbe wa mjomba ulifika baadaye: bibi arusi amefika mbele salama, amelia, amesema ule waya wa baiskeli bado haujabadilishwa.

Nilimsomea kaka. Alicheka, akajilaza. Hapo nikakumbuka kwamba simu ilikuwa kwenye mazungumzo, kwa hiyo hakuna kilichorekodiwa. Nami, bingwa wa mambo yapitayo, nikafungua kinasa sauti.

"Kaka, mara moja tu. Tena."

Alikuwa ameshalala, viatu vya lindo miguuni.